Takwenya Haiko

Siku hizi muthokoi unauzwa kwenye pakiti. Umekobolewa kwa mashine, ukapimwa, ukafungwa kwa plastiki inayong'aa, na ukiifungua pakiti haunuki chochote. Lakini mwezi uliopita niliumimina kwenye sufuria hapa nyumbani kwangu Kitengela, nikaunyunyizia maji ya vuguvugu, nikafunika, nikatoka kuanua nguo. Niliporudi na kufunua, harufu ilinipata usoni: harufu ya ganda la hindi lililoloa, tamu kidogo, chachu kidogo, kama ya chumba chenye magunia msimu wa mvua. Nikaketi kwenye kiti cha jikoni, kifuniko mkononi, kwa sababu nilijua kazi ya jioni hiyo haitafanyika tena.

Kwa msomaji asiyeujua, muthokoi ni mahindi makavu yaliyoloweshwa kidogo, yakatwangwa kwenye kinu mpaka yatoke maganda, kisha yakapikwa pamoja na maharagwe. Ni chakula cha Wakamba. Nyanya yangu, ambaye kwa Kikamba tulimwita Susu, aliutwanga kila siku isipokuwa Jumapili, nyuma ya nyumba yetu ya mabati yenye vyumba viwili. Kazi ile ilikuwa na sauti mbili: pu, mchi ulipoangukia mahindi, na hm, iliyotoka kifuani mwake. Sauti hizo ndizo zilizoniamsha asubuhi, na kwa miaka mingi niliamini kwamba kila mtoto duniani huamshwa hivyo.

Tafadhali usiichore Kitengela ya miaka ya tisini kwa kuitazama hii ya leo. Kulikuwa na barabara ya Namanga, mstari mfupi wa maduka, vijumba vya watu waliofanya kazi katika viwanda vya Athi River, na baada ya hapo uwanda mtupu na upepo. Punda milia walikula nyasi nyuma ya choo chetu. Ukienda msalani asubuhi ulikohoa kwanza, si kwa adabu, bali ili wasogee. Kiangazi vumbi liliingia hata kwenye chumvi. Mvua ikinyesha, udongo mweusi uling'ang'ania viatu mpaka tukafika shuleni tukiwa warefu kuliko tulivyotoka nyumbani.

Susu alifika hapo kabla sijazaliwa, akitoka Mbooni. Mume wake alikuwa amefukiwa na kisima alichokuwa akikichimba. Shemeji zake wakachukua shamba. Ukame ukachukua mbuzi waliobaki. Alikuja na kinu, sufuria mbili na watoto wawili: Mjomba Mutua, na mama yangu. Sikumsikia hata mara moja akiisimulia habari hiyo kwa sauti ya kuomba huruma. Mtu akimwambia pole alijibu, "Mungu aliona safari ni ndefu, akanipunguzia mizigo."

Mungu huyo alizungumza naye akiwa anatwanga, kwa sauti ya kawaida, kama jirani aliyeazima ungo akasahau kuurudisha. "Baba, jana nilikwambia juu ya goti. Leo ni hilo hilo goti. Sitabadilisha ombi mpaka ubadilishe goti." Nilikuwa nikimsikiliza kutoka kitandani na kungoja, nikidhani siku moja atajibiwa kwa sauti na mimi nitasikia.

Mama yangu alifanya kazi ya nyumba Nairobi na alikuja Jumapili moja kwa mwezi. Kwa hiyo malezi yangu yalikuwa ya Susu. Yeye ndiye aliyekuwa nyumbani. Nasema hivyo ili ieleweke baadaye nilikuwa naogopa nini.

Katika kanisa letu la mabati Susu alijulikana kwa ushuhuda wake. Akisimama kushuhudia, hata wazee waliokuwa wakisinzia walikaa wima. Na ushuhuda ulioombwa kuliko mwingine wowote ulikuwa ule wa takwenya. Mimi sikuwepo yalipotokea. Nayaeleza kama nilivyoyasikia, na kwa kuwa Mjomba Mutua hakuwahi kuyakanusha, ingawa aliyachukia, nayaamini.

Susu alikuwa ndiyo kwanza amefungua kibanda chake kando ya barabara, akiwauzia wafanyakazi muthokoi na chai. Hakuwa amewahi kuishi na Wamaasai. Asubuhi moja akaja mama mmoja wa Kimaasai, kibuyu cha maziwa mgongoni, akasimama mbele ya kibanda na kusema, "Takwenya!"

Susu aliangalia sufuria zake. Akainama akaangalia chini ya meza. "Takwenya haiko, mama," akasema. "Iko muthokoi, iko chai."

Yule mama akamtazama, akaziba mdomo kwa shuka, akaenda zake. Mchana akaja mwingine. "Takwenya!" Haiko. Kesho yake wakapita wanawake watatu pamoja, na baadaye mzee mwenye fimbo, wote wakiulizia kitu hicho hicho. Susu akafikia uamuzi ambao mfanyabiashara yeyote mwenye akili angefikia: hapa kuna bidhaa inayotafutwa na nchi nzima, na hakuna mtu Kitengela aliyefikiria kuileta.

Mlinzi wa duka la jirani, kijana wa Kimaasai, alimhurumia. "Mama, wewe wakikuambia takwenya, sema tu iko."

"Niseme iko na haiko?" Susu alimjibu. "Kijana, mimi nimeokoka."

Basi akamtuma Mjomba Mutua. Wakati huo Mjomba alikuwa utingo kwenye lori la mchanga lililokwenda Nairobi.

"Unitafutie takwenya."

"Takwenya ndiyo nini, Mama?"

"Ningejua ningekutuma wewe?"

Mjomba alizunguka sokoni siku nzima. Aliuliza kwa wauza shanga, kwa wauza dawa, kwa wauza kamba za ng'ombe. Mwishowe mzee mmoja mjanja alimtazama, akamwambia, "Takwenya? Umefika," akamfungia ugoro kwenye gazeti. Mjomba akauleta Kitengela kama mtu aliyebeba mayai.

Asubuhi iliyofuata yule mama wa kwanza alipita. "Takwenya!"

"Leo iko!" Susu akapaza sauti kwa furaha.

Yule mama akafurahi zaidi. Akamshika mkono, akautikisa, akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza kwamba sasa Susu amejua. Susu naye akamwekea ule mfuko wa gazeti mkononi. Yule mama akaufungua, akanusa, akapiga chafya, na alipoelewa kilichotokea akaketi chini barabarani kwa kicheko.

"Takwenya si ya kununua," akasema alipopata pumzi. "Takwenya ni jambo."

"Na iko?"

"Iko ni sijambo."

Huyo ndiye Mama Sankale. Ugoro alienda nao. Kuanzia siku hiyo alituletea maziwa karibu kila siku, na Susu akajifunza kuwajibu Wamaasai wote kwa adabu, "Iko." Isipokuwa Mama Sankale. Yeye aliposimama mlangoni na kusema "Takwenya!" Susu alimjibu, "Haiko!" na wote wawili wakacheka kana kwamba mzaha huo umetungwa asubuhi ile. Nilizaliwa nikaukuta. Nilikuwa nikitoka nje, nikiinamisha kichwa ili Mama Sankale aniguse utosini kama watoto wa Kimaasai wanavyosalimiwa, na juu ya kichwa changu nilisikia kicheko chao kikiendelea. Mjomba Mutua, ambaye kwa wakati huo alikuwa dereva kamili mwenye tumbo na heshima, bado aliitwa Takwenya na wauza mboga wote wa Kitengela.

Nilipokuwa na miaka kumi na moja kulikuwa na ukame. Ulikuwa kabla ya ile mvua ya El Niño, ambayo ilikuja baadaye kama mtu anayelipia kuchelewa kwa kuleta kelele. Nyasi ziliisha mpaka uwanda ukawa rangi ya ngozi ya kiatu. Mama Sankale na watu wake waliondoka na ng'ombe kuelekea upande wa Kimuka, nyuma ya milima ya Ngong, ambako walisikia bado kuna majani. Alikuja kutuaga. Aliposema Enkai atawaweka, Susu alijibu Ngai atawaweka, kisha akanigeukia. "Umesikia? Ni Mungu yule yule, ni vile tu kila mtu anamwita na mdomo wa kwao." Baada ya hapo tulikunywa chai ya rangi.

Haukupita muda mrefu. Asubuhi moja niliamshwa na kimya.

Nililala kidogo nikikisikiliza, nisijue ni nini kilichopungua. Kisha nikatoka. Susu alikuwa amelala kando ya kinu, mkono wa kulia chini yake, mahindi yamemwagika na kuku wanayala. Mdomo wake ulikuwa umevutwa upande mmoja. Macho yake yalikuwa wazi na yalinitazama vizuri kabisa, kama anavyonitazama siku zote kabla ya kuniambia niwafukuze kuku. Nikawafukuza. Hakusema kitu.

Majirani walimpeleka Kajiado hospitalini kwa pikapu. Aliporudi aliweza kuketi, na polepole akaweza kusimama na kuburuta mguu. Mkono wa kulia ulining'inia. Na hakuongea. Alifungua kinywa, shingo ikakakamaa, pumzi ikatoka peke yake. Baadaye aliacha kujaribu.

Watu walikuja kumwombea, na waliomba kwa moyo, siwalaumu. Lakini nilisikia jambo lililonitisha. Walikuwa wameketi naye chumba kimoja, goti kwa goti, wakasema, "Huyu mama alikuwa mcheshi." "Alikuwa na imani huyu." "Alikuwa hawezi kukuacha ulale njaa." Alikuwa, alikuwa. Susu alitazama mabati ya juu. Nilitaka kuwasahihisha kama mwalimu wetu alivyotusahihisha wakati wa sarufi, lakini mtoto hasahihishi wageni.

Mimi nilishika njia niliyoijua. Nilichukua kitabu changu cha zamani cha darasa la kwanza, nikakaa mbele yake kila jioni, nikamsomesha: a, e, i, o, u, ba, be, bi, bo, bu. Alinitazama kwa uvumilivu mkubwa. Siku nyingine aliweka mkono wake wa kushoto juu ya ukurasa, akaufunga mwenyewe, taratibu, kama anayefunika chakula kilichobaki.

Ndipo Mjomba Mutua akaja na uamuzi. Tulikuwa nje, yeye amesimama, Susu ameketi kwenye kigoda chake mlangoni.

"Mwende," aliniambia, "Susu atarudi Mbooni, kwa dada yake. Kuna kivuli, kuna watu."

"Na mimi?"

"Wewe utakaa Embulbul na mama yako mdogo, yule binti wa dada yake Susu. Kuna shule nzuri huko."

"Mimi nitamwangalia, Mjomba. Najua kupika."

"Najua unajua kupika." Mjomba hakuwa mtu mkali. Alichuchumaa ili macho yetu yalingane. "Lakini ukiwa shule, akitaka maji ataitaje? Nyumba ikishika moto ataitaje? Mama Njeri hapo jirani ana kazi yake ya mboga, hawezi kushinda hapa. Mama alikuwa anaweza kuita watu kutoka hapa mpaka stendi. Saa hii hata kuku hawezi kufukuza."

Alisema kweli. Nilijua pia jambo jingine ambalo hakulisema. Wazee waliopandishwa kwenye lori kupelekwa ushago, kijijini kwao, sikuwahi kuwaona wakirudi.

Siku ya safari ilikuwa Jumamosi. Mjomba alikuja na lori tupu, amelifagia mchanga na kutandika turubai. Godoro likapandishwa. Sufuria zikapandishwa ndani ya gunia. Kinu kilipandishwa na wanaume wawili, nao walikiviringisha kwa dharau, kama gogo lolote. Mama Njeri alikuwa amemvalisha Susu gauni lake la kanisani na kumfunga kitambaa, na Susu alikaa kwenye kigoda, mikono mapajani, ule mzima umeushika ule mwingine. Nguo zangu zilikuwa kwenye mfuko wa nailoni. Nilikuwa nimeushika mfuko huo kwa nguvu hata vidole vikaniuma.

Mama Sankale alitokea upande wa uwandani. Alikuja peke yake, kwa miguu, kibuyu mgongoni, vumbi mpaka magotini. Alikuwa amekonda. Hakuna aliyekuwa amempelekea habari. Wakati ule hapakuwa na simu za mkononi, na Kimuka ilikuwa mbali kama nchi nyingine. Alipita katikati ya majirani bila kuuliza lori ni la nini, akasimama mbele ya mlango pale alipozoea kusimama.

"Takwenya!"

Mama Njeri alishika kinywa. Kisha akaanza kumsogelea ili amweleze. "Mama, huyu hawezi kuongea, alipigwa na..."

Nilikuwa namtazama Susu. Kidevu chake kilitetemeka. Mkono wa kushoto uliuacha ule wa kulia ukashika goti. Midomo ikakutana upande mmoja, ikaachana, ikakutana tena, kama mtu anayejaribu kufungua mlango wenye kitasa kibovu.

"Hai," alisema. Na baada ya pumzi nzito, "ko."

Katika ua mzima mtu mmoja tu hakushangaa: Mama Sankale. Yeye alicheka tu, kicheko chake cha siku zote, kwa kuwa hakujua kwamba amesikia muujiza. Kwake huo ulikuwa mzaha wao wa kila asubuhi, ukijibiwa kwa kuchelewa kidogo. Na Susu, kwa nusu ya uso iliyobaki, akacheka naye.

Mjomba Mutua alikuwa ameshika kamba ya kufungia mizigo. Aliketi kwenye ngazi ya lori.

"Ule ugoro," alisema. "Hata sasa mama huyu ananicheka juu ya ule ugoro!" Akaanza kucheka, kisha kicheko kikageuka kilio, akajifunika uso kwa kofia. Alipoiondoa aliwaambia wale wanaume wawili, "Shusheni godoro."

"Mutua, na safari?" Mama Njeri aliuliza.

"Mama yuko," alisema Mjomba. "Si mmesikia? Yuko."

Maneno mengine yalirudi moja moja, kwa miezi. Yalianza ya salamu, yakafuata ya sala, na baada ya sala yakaja ya kumkaripia Mjomba kwa namna anavyoendesha gari. Mjomba alimpangia msichana wa kushinda naye mpaka nitoke shule. Siku ya kwanza Susu aliposimama tena kanisani alishuhudia kwa ulimi mzito, mstari mmoja baada ya mwingine, nasi tukangoja kila mstari. "Wengine Mungu akiwarudishia sauti," alisema, "wanasema haleluya. Mimi nilisema haiko." Mchungaji alilazimika kuinama nyuma ya mimbari.

Nimesoma tangu wakati huo. Shule yangu iliishia kidato cha pili, mengine nimeyatafuta mwenyewe, na katika kitabu cha afya nilichonunua kando ya barabara nilikuta maelezo kwamba mtu aliyepigwa na kiharusi anaweza kupoteza maneno yote na bado akabaki na salamu, sala, nyimbo au matusi, maana hayo huja yenyewe bila kutafutwa. Nilifurahi kupata maelezo hayo. Niliyapigia mstari kwa kalamu. Kwa miaka mingi hivyo ndivyo nilivyosimulia kisa hiki: Susu alikuwa karibu kupelekwa, neno likatoka, akabaki, na mimi nikabaki naye.

Kisha, nikiwa mtu mzima, wakati wa ukame mwingine, nilikuwa nikisafiri kwenda Kajiado kwa shughuli zangu. Karibu na Isinya tulisimama kupisha mifugo. Hawakuwa wengi. Kando ya barabara kulikuwa na mizoga, na mwanamke wa Kimaasai alikuwa amesimama katikati yake, hafanyi chochote, kibuyu mgongoni. Kilikuwa kikining'inia vibaya. Kibuyu chenye maziwa huvuta kamba, mtu huinama mbele kidogo. Hiki kilicheza na upepo.

Hapo ndipo nilipokumbuka jinsi kibuyu cha Mama Sankale kilivyokaa mgongoni siku ile.

Kuna sehemu sikuisimulia pale juu, kwa sababu nikiwa mtoto sikuiona kuwa sehemu ya kisa. Godoro lilipokuwa linashushwa na majirani wanashangilia, Mama Sankale aliketi chini mavumbini, akalaza kichwa kwenye mapaja ya Susu, akakaa hivyo kwa muda mrefu. Susu alimwekea mkono wa kushoto utosini, kama Wamaasai wanavyomgusa mtoto. Nilidhani amechoka na safari. Hakukuwa na maziwa siku ile, wala siku zilizofuata, wala sikuuliza. Ng'ombe wao wote walikuwa wamebaki upande wa Kimuka, na hakuna hata mmoja aliyekuwa hai.

Sisi sote tuliokuwa uani tulikuwa tunatazama mdomo wa Susu. Susu hakuwa na kazi nyingine kwa majuma yote yale ila kutazama, na alimwona rafiki yake anavyokuja, tangu mbali, peke yake, akitembea wima. Nilidhani aliongea ili abaki Kitengela. Nilidhani aliongea kwa ajili yangu. Siwezi kuthibitisha nisemayo sasa, maana wote wawili wamekwisha kufariki na sikuwahi kuwauliza. Lakini nadhani alimwona mwanamke aliyepoteza kila kitu akisimama mlangoni na kusalimia vizuri, kama desturi inavyotaka, na akaona kwamba mtu wa namna hiyo hawezi kuachwa bila jibu. Alitoa alichokuwa nacho. Sisi wengine tulinufaika tu kwa kuwa karibu.

Susu aliishi miaka mingine, akauona mwaka wa elfu mbili ambao wengine kanisani walidhani hautafika. Mama Sankale alihamia karibu, kwa mwanawe aliyepata kazi ya ulinzi, na kwa kuwa sasa hakuwa na ng'ombe wa kukamua na Susu hakuwa na mkono wa kutwangia, yeye ndiye aliyeshika mchi. Alitwanga vibaya sana. Mahindi yaliruka mpaka barabarani. Susu alikaa kwenye kigoda akimwelekeza kwa nusu mdomo, Kikamba na Kiswahili vimechanganyika, na mwenzake akijibu kwa Kimaasai, kila mmoja akilalamika kwamba hasikiwi.

Nyumba yangu ya sasa ni ya mawe. Ina madirisha mazuri, na mchana, watoto wakiwa shuleni, husikii kitu.

Mwaka niliofanya mtihani wa darasa la nane nilitoka nje na kitabu mkononi nikawaomba Susu na Mama Sankale wanyamaze kidogo, nasoma. Walinyamaza mara moja. Walitazamana kama wasichana waliokemewa na mwalimu. Kisha mmoja wao akashindwa kujizuia, sikumbuki ni yupi, na mwingine akafuata. Nilirudi ndani, nikafunga mlango. Bado niliwasikia. Nikaziba masikio kwa vidole, nikaendelea kusoma.